Mtama wa Uani kwa Fisi

Kanga arobaini walikaa kila mmoja kwenye kichuguu chake, wote wakikumbuka zamu za wanyama kisimani. Mmoja akidanganya, thelathini na tisa walimkatalia.

Fisi akawasifu. "Kazi nzuri hii! Nitawapa ruzuku ya mtama, muongezeke."

Wakawa mia. Lakini mtama ulimwagwa uani kwa Fisi tu, basi wote wakahamia huko.

Kisima kilipopungua maji, Fisi akatangaza, "Zamu ya leo ni yangu."

"Ni yako," kanga mia wakaitikia.

Swala, mtoto wake akiwa hoi kwa kiu, akamwendea kanga mkongwe. "Bibi, si wewe uliyeniambia jana kwamba leo ni zamu yangu?"

Kanga akainamisha kichwa. Alitaka kuomba radhi, lakini mdomo ulikuwa bado umejaa mtama.