Zohari

Mwalimu alinipa simu yake nitafute Zohali, ile sayari yenye pete. Nikaandika "Zohari". Zikaja picha za watu wenye jina hilo.

Hyasinta, ninayekaa naye dawati moja, akachungulia. "Mwalimu, huyu wa Tarime anatafuta ndugu zake."

Darasa zima likacheka. Nikarudisha simu, nikafungua kitabu cha maktaba. Chini ya picha, jina lina L.

Kwenye karatasi yangu ya kubandika ukutani nilishaandika Zohari, kubwa, kwa penseli. Nikashika ufutio.

Bibi akipigaga simu Jumapili kutoka Tarime anaanzaga hivi: "Umekura, mama?" Hapa Bunda hakuna mwingine anayeniulizaga.

Nikachora pete, nikazipaka rangi. Ile R sikuifuta.