Picha ya Roghaert

Pigo la kwanza lilimpata Wessel Harmsen mdomoni, likaondoka na jino. Alianguka katikati ya ndoo za maziwa, na kabla hajajiinua, buti likamwingia mbavuni.

"Picha iko wapi?" kijana aliuliza.

Wessel hakuwa amemwona maishani mwake. Mbwa alikuwa amebweka langoni, Aaltje mkewe akatoka kuangalia kuna nani, akakawia huko, kisha akarudi na huyu nyuma yake: koti la jeshi lisilo na vifungo, ndevu za ovyo, uso mweupe kama chokaa. Kijana alipita moja kwa moja hadi jikoni, akaokota chuma cha kuchochea moto, akaanza kazi.

Wajerumani walikuwa wameshakimbia mji wa Winterswijk. Waingereza walikuwa wamepita na vifaru vyao. Sasa mashamba yalijaa wazururaji wa namna hii, wanaochukua kuku, baiskeli, chochote kinachobebeka.

"Picha gani?"

"Ya Roghaert."

Wessel alishangaa, maana jina hilo si la kusikika kwa mzururaji. Jillis Roghaert alichora miaka mia tatu iliyopita, akafa bila sifa, na hata wajuzi wa Uholanzi humkumbuka wakishamaliza kuwataja wakubwa wote.

"Hapa kwa mkulima, kijana. Picha tulizo nazo ni za kalenda."

Kijana akamkamata mkono, akaubana kwenye kizingiti, akausukuma mlango kwa bega. Vidole vilivunjika kama kuni kavu. Wessel alilia hadi ng'ombe wakamjibu kutoka zizini.

Aaltje alisimama kando ya jiko, mikono ndani ya aproni. Tangu majani yalipopukutika mwaka uliopita hakuwa mtu wa maneno. Alihamishia godoro lake darini, akamwachia mumewe kitanda kizima. Vita vimemmaliza, Wessel alizoea kujiambia.

"Sema, mzee. Mkono wa pili bado mzima."

"Uvunje na huo. Si mali yangu, nitakupaje?"

"Ya nani?"

"Ya Salomo Elzas. Myahudi wa mjini, alikuwa akifanya biashara ya ng'ombe. Aliniletea mwenyewe kabla hawajamchukua yeye na mkewe. Alinishika mkono huu uliouponda. Nikamwapia kwamba atakikuta alichoniachia."

"Na asiporudi?"

"Nimeapa. Mtu ni neno lake."

Kijana alimtazama kama anayesikia lugha ngeni. Kisha akakishusha chuma juu ya goti la Wessel.

Katika giza la maumivu yale Wessel aliiona picha yote, kwa kuwa alikuwa ameizoea kuliko uso wake mwenyewe: mbingu kubwa ya mawingu, kivuko cha mto chenye ng'ombe watatu, mwaloni uliovunjwa na upepo, na mnara wa kanisa mbali kabisa, mdogo kama mwiba. Aliikung'uta vumbi kila Jumapili. Aliihamisha unyevu ulipopanda, mara ya mwisho majira yale majani yalipopukutika. Mchungaji alikuwa amemwambia kwamba siku moja watu watamtaja kwa uaminifu huo, naye alikuwa ameanza kuamini.

"Nitakuuliza mara ya mwisho," kijana alisema.

Wessel alitema damu sakafuni.

Ndipo Aaltje akainua kidevu na kuelekeza kwenye kabati la nguo.

"Aaltje," Wessel alisema. "Aaltje, unafanya nini?"

Kijana alilivuta kabati, akazivunja mbao nyuma yake. Kulikuwa na kichumba kisichozidi upana wa jeneza. Picha ilikuwa imesimamishwa humo, imefungwa blanketi, juu ya kigodoro kifupi cha majani makavu. Kijana aliingia, akakaa humo kimya, muda mrefu kuliko unaohitajika kuchukua picha. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu.

Akafungua mlango wa jiko.

"Basi iungue," akasema, akaisukuma pembe ya fremu motoni.

Wessel hakujua alifikaje pale. Alijikokota kwa viwiko, mguu ukiburutika nyuma kama gunia, akaingiza mikono yote miwili ndani ya moto. Aliivuta. Aliuzima moto wa fremu kwa kifua chake, na alipoachia, ngozi ya viganja ilibaki kwenye ubao. Harufu ya nyama ilijaa jikoni. Mbingu ilikuwa salama. Ng'ombe walikuwa salama. Pembe moja tu ndiyo iliyokuwa imeungua.

Akaikumbatia, akalala juu yake.

"Niue kwanza," alisema. "Mwenyewe akija ataikuta."

Kijana akakitupa chuma. Alichuchumaa mbele yake, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu mdogo.

"Mkeo alinisimulia pale langoni, nikakataa kuamini. Nikasema labda mzee wa watu alizidiwa, labda yeye si mtu wa kustahimili kipigo. Nilitaka nijionee." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Mimi ni Maurits Elzas. Wazazi wangu walikuachia picha hii na mdogo wangu Fietje. Siku Wajerumani walipokuja kumuulizia Fietje, mzee, walikupiga kiasi gani?"

Wessel alizidi kuikumbatia picha.

"Hawakumgusa," akajibu Aaltje. "Aliwaonyesha kabati."