Kipande cha Ukuta wa Mlali

Kijiji cha Mlali kiliahidi kuleta kipande kimoja cha ukuta. Siku ya kukileta, maabara ilipokea viwili.

Josephine, fundi wa maabara pale Morogoro mjini, hakushangaa. Tangu soko huria lifunguliwe, kila mwenye duka la soda alikuwa ameamka siku moja akajiita mkandarasi, na kila mkandarasi jengo likimwangukia alikuja maabara na zege la kuazima. Mwaka uliopita mmoja alimletea kipande kilichobanduliwa kwenye ngazi za benki. Josephine alikisaga kwa adabu zote, majibu yakarudi safi, mtu akaachiwa huru. Mji ulimcheka mwezi mzima.

Safari hii hachezewi mtu. Ukuta wa darasa la Mlali ulikuwa umemuua mtoto aliyeitwa Raya, kifusi kilikuwa kimeshazolewa, na kipande hicho kimoja ndicho kingesema kama mkandarasi aliiba saruji au hakuiba.

Aliyetangulia kufika alikuwa mzee wa kandambili, shati limefifia, kipande chake kimo kwenye kiroba cha mahindi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Natoka Mlali. Nimeleta ule mzigo.”

Alijieleza kwa maneno machache, akaomba apumzike ua wa nyuma. Josephine alimhurumia sana. Ndio hawa hawa, aliwaza, wanaojengewa vibanda vya kuwaangukia.

Alikivunja kipande kwa nyundo, akachagua vibonge vya ndani visivyoguswa na mvua, akavitwanga kwenye kinu cha chuma. Kilikuwa kigumu mpaka jasho likamtoka, lakini ugumu haikuwa kazi yake kuusemea. Mashine za Dar ndizo zingehukumu. Yeye alitakiwa kuandaa unga. Akauloweka kwenye spiriti, maana saruji ikishaonja maji huendelea kujipika yenyewe hadi maji yafukuzwe. Akauanika, ukakauka. Alikuwa anauchekecha wakati mtu wa pili alipoingia kwa mlango wa mbele.

Huyu alivaa suti. Ilimpwaya mabegani, kama zinavyowapwaya wote waliotajirika kabla hawajashiba. Kipande chake alikifunga kitambaa cheupe na kukibeba kwa mikono miwili.

“Habari za kazi, dada. Natoka Mlali. Nimeleta kipande cha ukuta.”

“Na wewe?”

“Walisema nikilete mwenyewe.”

“Bila shaka. Nani mwingine angejidhalilisha hivyo?”

Mwanamume alitazama sakafu. “Wengine hawakutaka kukishika.”

“Na umekivisha kweli kweli. Darasa ungelijali hivyo, mtoto wa watu angekuwa hai.”

Yule mtu alikinyoosha kitambaa kilipokunjika. Josephine aliona raha. Wezi wa siku hizi wana maneno mengi kuliko mali. Kumkuta mmoja amepigwa bubu ilikuwa bahati.

“Nakuomba, dada,” alisema hatimaye. “Kipande chenyewe kimebaki hicho tu. Ukisage vizuri.”

“Nitakushughulikia hapahapa, ukiona.”

Alimnyang'anya. Hata kitambaa hakukifungua. Akakitumbukiza chote kwenye beseni la asidi ya kuoshea vyombo. Mapovu yakafoka. Zege la maana lingeshindana na asidi ile mpaka jioni, lakini hili lililainika kama andazi kwenye chai. Hata la kuazima amechagua bovu, Josephine aliwaza, akacheka kwa sauti.

Mwanamume alipiga magoti, akapeleka mkono kwenye beseni. Josephine akamvuta kwa ukosi.

“Itakuunguza, bosi. Tena utaharibu suti.”

Alirudi mezani kwake bila haraka. Akautia unga wa mzee kwenye chupa kavu, akakaza kizibo, akaziba kwa nta, akagonga muhuri wa maabara juu yake. Alijisikia amelipa deni la mwaka mzima.

“Unangoja nini?” alimuuliza yule mtu, ambaye bado alikuwa sakafuni.

“Suti ni ya mnadani,” alijibu taratibu, kama aliyeulizwa swali jingine. “Wanakijiji walinichangia. Walisema nikija na nguo za shamba mtanifukuza mlangoni.”

Josephine hakutaka kusikiliza. Alisogea dirisha la nyuma amwambie mzee kwamba haki imepatikana, arudi nyumbani kwa amani. Mzee alikuwa amekwisha inuka. Langoni palisimama gari jipya, dereva akimfungulia mlango.

“Mzee wenu,” alisema Josephine, na sauti yake ilikuwa imepungua, “mbona anapanda gari la watu?”

Mwanamume alikuja akasimama kando yake, akachungulia.

“Gari ni lake, dada,” alisema baba yake Raya. “Shule yetu aliijenga yeye.”