Nipe Viini Vyote

Siku hizi kila mtu mzima ana prosesa ya kompyuta yenye viini vinane kichwani, na kila kiini kina kazi yake. Kwa hiyo nilipokaa na mama kuchambua mchele, kiini kimoja kilimsikiliza, kingine kilijibu barua za ofisini, na vilivyobaki vilikuwa na shughuli zao.

"Kalunde, mwanangu, leo nipe vyote vinane," mama alisema. Daktari alikuwa amemwambia hana miezi mingi. "Nataka nikusimulie ulivyozaliwa."

Nikasimamisha kila kitu. Nilidhani nitamsikia mara nane zaidi. Wapi! Hadithi moja haigawanyiki. Neno hulisubiri neno. Ni kiini kimoja tu kilichosikiliza, kwa mwendo ule ule wa mama, akisita kila alipookota chuya. Alinieleza mvua ya siku ile, mkunga aliyechelewa, na baba aliyeshikilia mwavuli ndani ya nyumba, akitetemeka. Nilicheka hadi nikamwaga mchele. Mama naye akacheka, akanipangusa machozi kwa vidole vyenye vumbi la pumba.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Na kweli nilikuwa nimemsikia, kila neno. Lakini vile viini saba havijui kukaa bure. Nilipovirudia, nilikuta vimeandika kitu ambacho sikuviagiza: tangazo la msiba wa mama, lenye picha ya dakika ile ile, anacheka, ungo mapajani.

Ilikuwa imebaki tarehe tu.