Taa ya Walio Wengi

Mwalimu Ocampo alibonyeza vitufe viwili, taa nyekundu ikawaka. Akabonyeza kimoja, haikuwaka. Akabonyeza vyote vitatu, ikawaka tena. Alijaribu kila namna bila haraka, huku Eliécer akingoja nyuma ya madawati ya maabara, kofia mkononi, nguo zake zikinuka maziwa ya ng'ombe.

Lilikuwa sanduku la viatu. Ndani yake dada yake Yadira alikuwa amepanga betri, nyaya za rangi na vidude vyeusi vyenye miguu mingi kama jongoo. Ndiyo kazi ya kwanza katika somo lao la saketi za mantiki: watu watatu wapige kura, taa ifuate walio wengi.

"Umefaulu," mwalimu alimwambia Yadira. "Ila wenzako wameleta saketi tupu. Sanduku la nini?"

"La nyumbani, mwalimu."

Eliécer aliinamisha macho. Mama yao, doña Ofelia, alikuwa hospitalini pale pale mjini Tunja, akipumulishwa na mashine tangu mshipa ulipompasuka kichwani. Daktari alishasema hataamka tena. Watoto waamue kama mashine izimwe. Na Wilmar, yule wa kati, alishaapa kwamba atakayetamka neno hilo hatakula naye meza moja mpaka kaburini. Basi hakuna aliyetamka. Mama akazidi kukonda, vidonda vikamtoka mgongoni.

"Hakuna haja ya kutamka," Yadira alikuwa amewaambia kaka zake. "Mtabonyeza tu. Wawili wakikubali, taa itawaka. Nani kabonyeza, nani hakubonyeza, hatajua mtu."

Walimkuta Wilmar kwenye benchi la hospitali. Yadira akafungua sanduku, akasema waya mmoja umelegea njiani. Aliuchezea kwa muda, akafunga kifuniko kwa utepe.

"Yaani sasa tunakiuliza kiatu?" Wilmar alisema.

"Kinakuzidi," alimjibu Eliécer. "Chenyewe kimetoka chuo kikuu. Wewe ulitoka shule ya msingi kupitia dirishani."

Wakacheka wote watatu, mara ya kwanza tangu mama aanguke. Kisha wakaona haya.

Yadira akafunika sanduku kwa ruana ya mama, lile shuka lake la kujitanda la sufu ya kijivu lenye kiraka begani, akaacha taa tu ichungulie. Mikono mitatu ikaingia chini yake.

"Anayetaka mama apumzike, abonyeze. Asiyetaka, atulize kidole. Haya."

Kitufe kilikuwa cha baridi. Eliécer aliiona mikono ya mama ikikanda arepa, mikate ya mahindi, alfajiri, ikimpa ya kwanza yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa akienda kukamua. Alijua anateseka. Alijua, na bado kidole kilikataa. Hakubonyeza.

Taa iliwaka.

Wilmar alilia kwa sauti, paji la uso ukutani. Yadira akalia kimya, machozi yakidondokea utepe. Eliécer akawatazama mmoja baada ya mwingine, moyo ukimchemka: kumbe ninyi wawili. Lakini alipokwenda kumwambia daktari, miguu ilikuwa miepesi, naye akajichukia kwa wepesi ule.

Walimzika mama karibu na baba. Siku zote tisa za novena ya kumwombea marehemu Eliécer alijibu rozari bila kumtazama Wilmar usoni, na Wilmar naye alikuwa akimkwepa. Siku ya mwisho, majirani walipokwisha kuondoka na viti vyao, Wilmar alimfuata jikoni.

"Kaka, nimewasamehe."

"Umetusamehe nini?"

"Wewe na Yadira. Najua mlimhurumia mama. Mimi nilishindwa, kaka. Sikubonyeza."

Eliécer aliweka kikombe mezani polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Wilmar, mimi pia sikubonyeza."

Wakageuka wote wawili. Yadira alikuwa jikoni humo humo, amewapa mgongo, akichuja kahawa.

"Waya haukuwa umelegea. Mama aliniomba mimi, kabla hajaanguka," alisema bila kugeuka. "Ninyi hakuwaomba."