Mkono Uliochoka Vizuri

Siku ya fainali ya rede, ule mchezo wa kumrushia mpira anayekwepa katikati, kocha Nguchiro, asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini, alimpanga tena Ngedere, mrushaji wake hodari.

"Kocha, jana nilirusha kutwa nzima. Mkono umekufa ganzi!"

"Fainali haina mapumziko. Rusha!"

Mpira ukaenda ukijikokota. Swala, bingwa wa kukwepa, akaruka mapema, akatua, ndipo mpira ukafika: pu! mgongoni.

Vigelegele! Nguchiro akabebwa juujuu kwa akili zake.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya fainali, aliwatwangisha mahindi warushaji wote ili wachoke vizuri. Swala akaja na kigoda, akaketi katikati ya uwanja, akawa anainamisha kichwa tu kila mpira ukipita.

"Kocha Nguchiro," akauliza, "leo mnarusha mipira au mnatuma salamu?"