Leo Tarehe Ngapi

Kompyuta kuukuu ilinguruma, ikawasha herufi za kijani, ikauliza kama ilivyozoea kila inapowashwa: leo tarehe ngapi?

Mzee akasukuma kando majarida yake ya kompyuta yaliyogeuka manjano. Akabonyeza kwa kidole kimoja: 14-3-1987.

"Baba, umekosea mwaka," Jandira akamwambia.

"Nimekosea nini? Mbona yenyewe imekubali? Au wewe unajua kuliko mashine?"

Kweli, ilikubali bila ubishi. Kijistari kwenye skrini kikawa kinawaka na kuzima, kikingoja amri.

"Mama yako yuko wapi? Mwite aje aone."

Jandira akatazama vumbi la majarida kwenye vidole vya baba yake. Mama walimzika mjini Campinas, mwaka juzi.

"Yuko jikoni, baba. Anachuja kahawa."